Mikono ya Fatiha

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niandike mafunzo niliyoyapata katika miaka yangu ya kusimamia chaguzi. Sina hakika kama nina mafunzo. Nina kizibo kimoja cha chupa ya soda, kilichotobolewa kwa msumari katikati, na nina jina la Kisomali ambalo sikupewa na mama yangu. Vyote viwili nilivipata Garissa, mwaka wangu wa kwanza kazini, wakati wa vita ambavyo serikali iliviita vya mashifta na wenyeji wakiviita kwa majina mengine, kutegemea ni nani aliyekuwa karibu akisikiliza. Vyeo nilivyopanda baadaye mtavisoma kwenye faili, ikiwa panya wamebakisha kitu.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita. Nilikuwa Mtaita kijana, nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia na siasa, na sikuwa naamini jambo lolote nililoambiwa na mtu mwenye meza. Nilifika kwa msafara wa malori uliolindwa na askari, meno yamejaa vumbi. Nilipelekwa ofisi ya wilaya, nikakabidhiwa kiti kilichovunjika mgongo, na nikaambiwa kazi yangu itakuwa kuhudhuria mikutano ya kamati za wananchi na kuandika yaliyosemwa. Niliuliza wananchi watakutanaje katika mji ambao mtu haruhusiwi kutoka nje baada ya magharibi. Nilijibiwa kwamba mikutano hufanyika asubuhi.

Aliyenijibu ni mkalimani wa ofisi. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na watu wote walimwita Dhegaweyne, maana yake mwenye masikio makubwa. Nilidhani ni tusi. Kumbe huko kila mtu ana jina la utani lililotokana na kitu kinachoonekana, na jina la cheti hubaki kwenye cheti. Masikio yake kweli yalikuwa makubwa, na hakuna kilichoyapita.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa wa kamati ya soko la mifugo. Mwenyekiti alikuwa Haji Dekow, mzee mwenye ndevu nyekundu kwa hina na bakora nyeusi iliyong'aa kwa kushikwa. Alikuwa mwenyekiti tangu enzi za Wazungu. Wanaume walikaa mbele mchangani, wanawake wauza maziwa na mbuzi wakakaa nyuma. Haji alizungumza kwa utulivu, kisha akauliza swali fupi na kumalizia kwa neno moja nililolielewa: Fatiha. Mikono yote ikainuka, viganja vikafunguka, midomo ikasoma. Kisha wakajipangusa nyuso, wakaondoka.

Dhegaweyne, aliyekuwa amesimama muda wote akitembeza macho juu ya watu, alinijia.

"Unampinga Haji?" aliniuliza.

"Nani, mimi?"

"Mikono yako ilibaki chini."

"Mimi ni Mkristo. Ile ilikuwa dua."

"Ilikuwa dua," alikubali. "Pia ilikuwa uchaguzi. Haji aliuliza, 'Tuendelee kama tulivyo? Al-Fatiha.' Kila mwaka huuliza hivyo. Wanainua mikono, mimi nahesabu, ofisi inaandika kachaguliwa kwa kauli moja."

"Na wanaokataa?"

"Nani atakataa kumwinulia Mungu mikono? Wewe ndiwe wa kwanza. Sasa nishauri, niandike 'mpinzani mmoja, Mtaita'?"

Nilimuuliza kwa nini anakubali kuhesabu dua. Nikauliza kwa nini ofisi inakubali, na kwa nini watu hawasemi. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa. "Waayo, waayo, waayo," alisema. Ndiyo "kwa nini" kwa Kisomali. Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa likiniita Waayo, na jina la cheti changu likabaki kwenye cheti.

Nadhani ningelisahau jambo hilo, kama vijana wanavyosahau vituko vya siku ya kwanza, lakini mwanamke mmoja hakuniacha nisahau. Eeddo Habiba alikuwa mjane aliyekuja na mbuzi zake kutoka upande wa Habaswein. Eeddo ni shangazi, na kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Kwa sababu ya vita, watu na mifugo walikuwa wamekusanywa karibu na mji, na soko lilikuwa limefungwa. Mbuzi hawakuweza kuuzwa wala kurudishwa malishoni. Alinikamata mlangoni pa ofisi.

"Karani, wewe najua kusoma. Soma hii." Alinionyesha kipande cha kamba kilichotafunwa. "Mbuzi yangu nakula kamba. Kesho takula boma. Kesho kutwa takula nini, mimi?"

"Soko litafunguliwa, Eeddo."

"Litafunguliwa na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe. Mkuu wa wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana DC, alikuwa tayari kufungua soko kwa sharti moja: mwenyekiti amdhamini kila muuzaji anayeingia. Haji aliwadhamini watu wa mjini na jamaa zake, kalamu ikakauka hapo. Watu wa Habaswein hakuwadhamini. Wao wakasema mwenyekiti huyo si wao, hata hao aliowadhamini wakaanza kurushiana maneno, na Bwana DC akafunga faili. "Ninyi wenyewe hamuaminiani," alisema, "mimi nitawaaminije? Nileteeni mwenyekiti ambaye wote mmemchagua, nimwone kwa macho yangu akikubaliwa. Mkigombana, soko litabaki hivyo hivyo."

Neno kuchagua halikuwa jepesi katika jimbo lile. Miaka michache nyuma, kabla ya uhuru, watu wengi huko walikuwa wamesusia kura kwa sababu walitaka kwenda njia yao, kujiunga na Somalia. Sasa walikuwa ndani ya uzio, na waliowawekea uzio ndio waliotaka wachague. Nilimwambia Dhegaweyne kwamba jambo zima linanuka.

"Linanuka," alisema. "Lakini sikia, Waayo. Mtu aliyefungwa miguu miwili, ukimfungulia mmoja, utamwambia asiunyooshe mpaka wa pili ufunguliwe?"

Hiyo ndiyo sababu nilimpenda yule mtu. Hakunikataza kuuliza hata siku moja, ila alihakikisha ninarudi nyumbani na swali zito kuliko nililokuja nalo.

Mkutano wa kujadili uchaguzi ulijaa kuliko wowote nilioona. Aliyesimama kwanza alikuwa Yusuf Gedi, dereva wa zamani wa lori aliyeigeukia biashara ya mbuzi, mwana wa dada yake Haji. Alimwita Haji "Abti," yaani mjomba, na Haji naye akimjibu "Abti," kwa kuwa kwa Wasomali jina la ujomba hurudi lilikotoka. Kwa hiyo ugomvi wao ulisikika kama mtu mmoja anayejigombeza.

"Abti, mimi sibingi wewe," Yusuf alisema, kwa Kiswahili ili Bwana DC, aliyekuwapo, asikie, baadhi ya p zake zikigeuka b. "Mimi nabinga mikono."

"Abti, mikono niliumba mimi?"

Watu wakacheka. Yusuf akangoja. "Dua ni ya Mungu. Kura ni ya mtu. Hapa tunatia zote sufuria moja, halafu tunauliza kwa nini chakula hakina ladha. Tusome Fatiha yetu. Halafu, mbali na Fatiha, kila mtu achague mahali hakuna jicho."

Mzee mmoja wa upande wa Haji akaruka juu. "Mtovu wa shukrani! Nani alikutoa korokoroni lori yako iliposhikwa? Si huyu unayetaka kumng'oa?"

"Ni huyu," Yusuf alisema. "Ninamshukuru kila siku. Lakini mimi nikimshukuru, mbuzi wa Habaswein anashiba?"

Hapo Eeddo Habiba alisimama kule nyuma. Mzee aliyekuwa karibu akamwambia akae, wanawake hawana neno katika uchaguzi. Haji naye akauliza, bila ukali, "Wanawake wamechagua tangu lini?"

"Tangu Dhegaweyne nahesabu," alijibu. "Kila mwaka sisi nakaa hapa nyuma, naomba dua. Dhegaweyne! Mikono yetu wewe ulihesabu, au hukuhesabu?"

Dhegaweyne, ambaye maisha yake yote alisema maneno ya watu wengine, sasa alitakiwa kusema la kwake. Alijikuna sikio.

"Nilihesabu mikono," alisema. "Mkono hauna ndevu."

Kicheko kilichofuata kiliwainua ndege kwenye migunga. Eeddo Habiba hakucheka. "Basi, Haji. Kama mikono yetu ilikuwa ya Mungu beke yake, toa kwa hesabu yako ya zamani, tuone nabaki nini. Kama ilikuwa ya kura, sisi ni wabiga kura."

Haji Dekow aliweka kidevu juu ya bakora, akaifikiria hoja hiyo. Nimeona wakubwa wengi wakikabiliwa na hoja ndogo kuliko hiyo, wakaita askari. Yeye alisema, "Huyu mama amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Wapige kura."

Nisingependa mkadhani Haji alikuwa dhalimu. Siku chache kabla ya uchaguzi aliniita kwake kunywa chai ya maziwa ya ngamia na iliki. Nilikwenda nimejiandaa kwa vitisho au zawadi.

"Waayo," alisema, "unadhani ninakipenda kile kiti? Askari wakimkamata mtoto wa mtu, mama yake huja kugonga mlango huu. Ninakwenda kambini, ninasimama juani, ninaitwa majina, ninarudi naye. Nikitoka, atagonga wapi?"

"Na watu wa Habaswein, Haji? Kwa nini huwadhamini?"

"Dhamana ni shingo. Utaiweka shingo yako kwa mtu usiyemjua?"

Nilikunywa chai yangu. Nilikuwa na shahada, lakini haikuwa na ukurasa wa swali hilo. Jioni nilimpelekea Yusuf maneno hayo, akanijibu kwamba Abti yake anasema kweli. "Lakini mimi niliendesha lori njia ile miaka yote. Nimelala kwao, nimekunywa maziwa yao. Mimi nawajua. Shingo yangu iko tayari." Niliandika majibu yote mawili kichwani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumshuku yeyote kati ya watu wawili wanaopingana.

Sasa niwaambie habari ya vifaa, maana mnalalamika sana siku hizi masanduku yakichelewa. Hatukuwa na sanduku. Hatukuwa na karatasi za kura, na zingekuwapo, wengi hawakujua kusoma. Yusuf alipendekeza kila mtu apewe buni ya kahawa aitumbukize anapotaka. Eeddo Habiba alisema kura italiwa kabla haijafika. Mimi nikapendekeza kokoto. Dhegaweyne aliinama, akachota mchanga wenye kokoto kwa kiganja, akaniuliza ni nani atamzuia mtu asijichagulie mwenyekiti mara ishirini. Mwishowe tulipata vizibo vya soda. Soda ilipatikana mahali pamoja tu, klabu ya maofisa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na akiba. Dhegaweyne alivitoboa katikati kwa msumari, ili hata mpishi wa klabu asipate wazo.

Nyumba ya kupigia kura walijenga wanawake. Kwa Wasomali nyumba ya fito na mikeka ni kazi ya mwanamke na ni mali yake, na asubuhi moja Eeddo Habiba na wenzake waliisimamisha katikati ya soko, wakibishana juu ya kila fito. Ndani waliweka haan mbili, vile vyombo vikubwa vya maziwa. Hii ikaegemezwa bakora ya Haji, ile ikavikwa kofia ya Yusuf. Mtu anaingia peke yake, anatumbukiza kizibo chake, anatoka.

Nilijisifu kwamba siri imekamilika. Dhegaweyne akaketi nje, akafumba macho, akaniambia niingie nijaribu.

"Bakora," alisema nilipotumbukiza cha kwanza.

Nikajaribu tena. "Kofia." Mara ya tatu: "Bakora tena. Waayo, wewe ni mtu wa Haji kweli."

Haan moja ilikuwa ya mti, nyingine ya mizizi iliyosukwa, na kizibo kililia tofauti. Mtu yeyote mwenye masikio angeujua uchaguzi wote kabla haujaisha. Hatukuwa na haan nyingine zinazofanana. Nilikaa chini nikifikiri kuhusu matambara na mchanga, Eeddo Habiba akasimama juu yangu mikono kiunoni.

"Karani, sauti ndogo nafukuzwa na nini?"

"Sijui, Eeddo."

"Na sauti kubwa."

Siku ya kura wanawake walileta vinu na michi, wakavipanga kando ya nyumba ile, wakatwanga mahindi ya msaada tangu asubuhi, kwa zamu, wakiimba. Aliyetoka kupiga kura alipokea mchi, aliyetoa mchi aliingia. Ardhi ilitetemeka. Ukitumbukiza kizibo hukukisikia hata wewe mwenyewe. Nimesimamia kura katika majumba yenye mapazia na kufuli za kila aina, na sijawahi kuona siri iliyolindwa vizuri hivyo. Tena tulipata unga.

Nisimame kidogo hapa. Miaka mingi baadaye, nchi nzima ilikuwa chini ya kiongozi mmoja kwa muda mrefu, na watu wakapangwa foleni nyuma ya wagombea, wahesabiwe vichwa mchana kweupe. Waliodai mabadiliko waliitwa watovu wa shukrani. Nilikuwa nimeshalisikia neno hilo sokoni Garissa. Nilisimama na karatasi yangu mbele ya foleni zile, nikamtazama mwalimu akimfuata mgombea wa mkuu wake, mpangaji akimfuata wa mwenye nyumba, na nikatamani vinu. Shukrani ni kitu kimoja na kura ni kingine. Ukizichanganya, unaziharibu zote mbili: mtu hawezi tena kukuchagua kwa hiari, wala kukushukuru kwa dhati. Hilo ndilo fundisho langu, ikiwa ni lazima muwe na moja, na si langu. Ni la dereva wa lori na muuza mbuzi.

Tulihesabu alasiri, hadharani. Eeddo Habiba alitandika mikeka miwili, haan zikamwagwa, Dhegaweyne akahesabu kwa sauti na mimi nikaandika. Bwana DC alisimama kando ya Land Rover yake na askari wawili. Vinu vilikuwa vimenyamaza. Kofia ilizidi. Haikuzidi sana, lakini kila mtu aliona fungu lipi ni kubwa.

Hakuna aliyeshangilia. Yusuf alitazama chini. Wazee wa upande wa Haji wakaanza kukusanya viatu vyao. Niliona Bwana DC akimtazama dereva wake, na nikajua maana yake: wakiondoka hawa, soko halifunguliwi. Eeddo Habiba alikuwa ameshika ile kamba iliyotafunwa, anaizungusha kidoleni.

Haji alikuwa amekaa, mikono imelala mapajani. Bila bakora yake alionekana mfupi.

"Waayo," alisema.

Hakuna aliyejua kama ananiita au anauliza kwa nini. Hata Dhegaweyne hakutafsiri. Niliinuka, nikamkaribia.

"Naam, Haji."

"Bakora yangu iko ndani."

Niliingia kwenye ile nyumba ya mikeka, nikaichukua mahali ilipoachwa, nikamletea. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Aliishika, akaitumia kuinuka, magoti yakilia. Wazee wake nao wakasimama, viatu mikononi, tayari kumfuata. Alimtazama Yusuf.

"Abti. Mama akija kugonga kwako usiku, utafungua?"

"Nitafungua, Abti."

"Na akija kwangu kwa mazoea?"

"Utamleta kwangu. Tutakwenda wote."

Haji aliitikia kwa kichwa. Aligeuka huku na huku, kana kwamba anatafuta njia ya kutokea, na wazee wakaanza kumpisha. Lakini alikuwa anatafuta mahali pa kuegemeza ile bakora. Aliiegemeza kwenye nyumba ya Eeddo Habiba, kwa sababu alichotaka kufanya kilihitaji mikono miwili.

"Al-Fatiha," alisema.

Viatu vikaanguka chini. Mikono ikainuka soko zima, ya mbele na ya nyuma, ya bakora na ya kofia, ya wanawake ikiwa bado na unga. Bwana DC alivua kofia yake. Kwa mazoea niliinua macho nikaanza kuwapitia watu, kalamu iko tayari. Dhegaweyne alikuwa kando yangu, viganja vimefunguka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Waayo," alinong'ona bila kuyafumbua. "Leo mikono haihesabiwi."

Nikaweka kalamu mchangani, nikainua yangu.